Kungoja Visahani Vikutane

Mwaka wangu wa nne Doha nilikuwa na hamu moja tu, nayo ilikuwa kukanyaga mchanga. Watu hucheka nikisema hivi, kwa sababu wanadhani Qatar nzima ni mchanga. Kwa dereva wa nyumbani si hivyo. Dereva wa nyumbani hukanyaga vigae, zulia la gari, sakafu ya maegesho, halafu vigae tena. Nilikaa Umm Salal, katika chumba kilicho kando ya geti la nyumba kubwa. Asubuhi nilipeleka watoto shule, mchana nikawarudisha, na jioni nikawapeleka mabinti wa nyumba kwenye kisiwa cha Pearl watembee kando ya maboti ya matajiri, nami nikiwangoja chini kwenye maegesho, mahali ambapo hata upepo haufiki.

Mimi nimezaliwa Sikonge, katika pori la miombo, na kabla sijajua kuendesha baiskeli nilikuwa najua kumfuata kanga kwa nyayo zake. Miaka minne ya vigae inatosha kumharibu mtu wa namna hiyo. Nilikuwa nimeanza kuinama kwenye maegesho kuchunguza alama za matairi na kukisia gari lilipita saa ngapi. Mlinzi mmoja Mganda aliwahi kuniuliza kama nimeangusha ufunguo.

Kila msimu wa baridi, mzee mwenye nyumba alihamia jangwani kwa majuma matatu. Sote tulimwita Baba, kama wafanyakazi wa majumbani wanavyofanya kule. Alichukua mahema, mpishi, na kozi wake wanne, ndege wa jamii ya mwewe wanaofundishwa kuwinda, pamoja na mfunzaji wao, Msudani mpole aliyezungumza zaidi na ndege kuliko na watu. Alichukua pia dereva mmoja wa kuendesha pikapu yenye tangi la maji. Kazi hiyo ilikuwa ya Mpakistani mmoja mtu mzima, na mwaka huo alikuwa amerudi kwao moja kwa moja. Nafasi ikawa wazi, na tulioitaka tulikuwa wawili.

Wa pili alikuwa Mkenya, Mkamba wa Kitui, aliyeendesha gari la mama mwenye nyumba. Nitamwita jirani, maana ndivyo nilivyomwita. Yeye aliniita Bongo, kwa sababu machoni pake kila Mtanzania ni Bongo hata kama ametoka Sikonge kwenye nyuki. Tulilala chumba kimoja, tulipokezana sufuria moja ya ugali, na tulibishana habari ya uwindaji tangu juma la kwanza la kufahamiana.

Ubishi wenyewe ulikuwa hivi. Kwao walikuwa watu wa upinde. Baba yake alichonga upinde, akatengeneza mishale, na jirani alifundishwa kunyata mpaka swala awe karibu kiasi cha kumsikia akitafuna. Sisi kwetu tulikuwa watu wa gobori, ile bunduki ya kushindilia baruti kupitia mdomoni. Mjomba wangu alikuwa nalo moja, kitako chake kimefungwa waya wa shaba, na kibali chake kimekunjwa ndani ya kopo la majani ya chai. Jirani aliliita gobori langu bomba la maji lenye hasira. Mimi niliuita upinde wake kamba ya kuanikia nguo. Basi tulikwenda hivyo miaka miwili, bila hata mmoja wetu kukubali kitu.

Lakini tulielewana katika jambo moja, nalo ni kupenda vifaa. Wakati wa baridi majlisi ya Baba, ile sebule ya wageni wake, ilijaa vifaa. Darubini zilizolala ndani ya ngozi laini kama watoto wachanga. Glavu nene za kubebea kozi. Vikofia vidogo vya ngozi vya kumfunika ndege macho, vimeshonwa kwa uzi wa rangi, kila kimoja si kikubwa kuliko limau. Buti za jangwani zisizo na kamba. Kijana mkubwa wa Baba alikuwa na fulana ya kuwindia yenye mifuko mingi kiasi kwamba siku moja simu yake iliita, na yeye mwenyewe hakujua iko mfuko gani. Jirani nami tulipewa kazi ya kufuta vumbi vitu hivyo, na tuliifanya kwa furaha ya aibu kidogo. Tulijaribu darubini dirishani. Jirani alitangaza kwamba anaona mpaka Kitui. Nilimnyang'anya, nikaangalia, nikaona shati langu lililoanikwa ukutani, kubwa ajabu, na kila kifungo chake.

Mjomba wangu alikwenda porini na pembe ya baruti, mfuko wa ngozi ya mbuzi wenye goroli na fataki, kibuyu cha maji, na kandambili za tairi. Vitu vyake vyote ningeviweka kwenye mifuko miwili ya ile fulana. Sikuvilinganisha kwa uchungu. Nilitamani tu angekuwepo aviguse.

Jioni moja Baba alituita sote wawili. Alizungumza nasi Kiarabu cha jikoni, kile kilichokatwa mikia ili tukimeze. Alisema pikapu ya maji inataka mtu mmoja, asiyeogopa baridi na anayejua pori. Nani? Tulijibu kwa pamoja, kila mmoja akijishika kifua. Baba akacheka. Akauliza kama ni kweli tuliwinda kwetu, nasi tukaapa. Akasema sawa, Ijumaa alasiri yeye na wanawe wanakwenda kupiga visahani kwenye uwanja wa kulenga shabaha nje ya mji. Twende naye. Atakayepiga zaidi atachukua ufunguo wa pikapu.

Tulirudi chumbani, tukafunga mlango polepole, kama watu wazima. Halafu jirani akarukia kitandani kwake na mimi changu, tukaruka mpaka chaga zikalia.

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupiga kisahani. Tuliulizia. Dada mmoja Mganda, aliyefanya kazi ndani na kuwaongoza wasichana wote wa jikoni, alikuwa ameona mchezo huo kwenye televisheni. Alitueleza kuwa ni kisahani cha udongo, kinarushwa na mashine, kinapita hewani kwa kasi, nawe unakipasua kwa bunduki kabla hakijaanguka. Tukamwomba atusaidie mazoezi. Siku nne mfululizo, saa ile watoto wako shuleni, alisimama nyuma ya jiko na mkate bapa uliokauka, ule wa duara wa kununua kwa Waafghani, akiurusha juu, nasi tukilenga kwa mipini ya mafagio. Yeye ndiye aliyeamua nani kapiga. Aliamua bila haya. Jirani alipolalamika kwamba mpini wake ulikuwa sawasawa na mkate, dada alimwambia bunduki yake haijasikika, ajaribu tena na sauti. Kuanzia hapo tukawa tunapiga kwa midomo, pu, pu, na paka wa nyumba wakawa wanakusanyika kugombania shabaha zetu.

Ijumaa nilivaa buti zangu mpya nilizonunua Al Mansoura. Jirani alinitazama toka juu hadi chini akaniuliza kama tunakwenda kulenga au kuoa.

Uwanja ulikuwa mahali pa wazi penye vibanda viwili, kimoja kushoto na kimoja kulia. Visahani vyenye rangi ya machungwa vilitoka kwenye vibanda hivyo, na njia zao zilikatana katikati, mbele ya mpigaji. Mwalimu wa pale alikuwa Mtunisia mwenye masharubu yaliyochanwa. Alitupa viziba masikio na miwani, akatuonyesha jinsi ya kushika bunduki, ile ya mitutu miwili inayotapanya chembe za marisau, na akatufahamisha utaratibu: visahani vinane kimoja kimoja, halafu jozi moja inayotoka kwa pamoja kutoka vibanda vyote viwili. Ukiwa tayari, unasema neno lolote, naye anabonyeza kitufe.

Nilianza mimi. Nikapachika kitako begani, nikavuta pumzi, nikasema, "Haya."

Hakuna kilichotoka. Nikasema tena haya. Kimya. Mwalimu akasogea, akainua kiziba changu cha sikio, akaniuliza kama naumwa. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nanong'ona. Nilifundishwa tangu utoto kwamba ukisimama mbele ya ndege na bunduki, sauti yako ikitoka, umeshamkosa. Mdomo wangu ulikataa kabisa kupiga kelele mbele ya windo. Wana wa Baba walikuwa wameshaanza kushikana mabega. Nikajilazimisha, nikatoa mlio ambao mpaka leo jirani huuigiza kwenye harusi, na kisahani kikaruka.

Kilikuwa na haraka kuliko mkate. Nilikifuata kwa macho kwa adabu yote, nikakisindikiza mpaka kikashuka, kikatua kwenye mchanga kikiwa kizima bila ufa. Ndipo nikafyatua. Nikakipasua vipande vipande.

Mwalimu alisema hicho hakihesabiki. Nikamweleza kwamba kanga hupigwa akiwa chini, ametulia, na kwamba mtu anayempiga akiruka ni mharibifu wa baruti. Akasema hapa hakuna kanga. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja na kikombe cha chai ya maziwa, na niliona chai ikimwagika kwa jinsi alivyokuwa akitikisika.

Visahani vitatu vilivyofuata nilivilenga vikiwa hewani, na vyote nilivikosa. Gobori lina tabia yake. Ukivuta kifyatuo, fataki inalia kwanza, kisha baruti inafikiri kidogo, ndipo moto unatoka. Katika ule muda mfupi wa kufikiri unageuza uso pembeni ili cheche zisikuingie machoni. Mimi niligeuza uso kwa kila risasi. Bunduki ya Baba haikufikiri hata kidogo. Iliniacha nikitazama maegesho huku kisahani kikienda zake.

Jirani akaingia. Yeye hakuwa na tatizo la sauti, alipiga ukelele uliowaamsha njiwa juu ya paa. Lakini naye alikosa cha kwanza, cha pili, cha tatu na cha nne, na nilivyomtazama nikaona kwa nini, waziwazi kama maandishi. Mshale huenda polepole. Mtu wa upinde hulenga mbele kabisa ya mnyama, mahali atakapokuwa mshale ukifika. Jirani alikuwa analenga mbele ya kisahani kwa hatua nyingi mno. Marisau yake yalifika huko, yakasubiri, yakachoka, yakaanguka.

Tukawa sifuri kwa sifuri, tumepumzika, tumekaa kwenye benchi moja. Nilijua kosa lake. Na nilivyokuwa naitaka ile pikapu, nikaamua kunyamaza. Nilijitahidi kutazama buti zangu. Nakumbuka vizuri kwamba sikuona haya hata kidogo, niliona ni ujanja.

Jirani akavua viziba masikio vyake, akanigeukia.

"Bongo, wewe unageuza kichwa kila ukipiga, kama unabusiwa na shangazi. Tazama mbele, bana."

Aliisema hivihivi, huku akipangusa miwani, bila kufikiri kwamba inaweza kumkosesha kitu. Nilihisi masikio yakiwaka moto. Sasa ningefanya nini?

"Na wewe unapiga mahali ambapo kisahani kitakuwa kesho," nikamwambia. "Punguza. Nusu ya unavyofanya. Hiyo si kamba ya nguo."

Alinitazama kidogo, akahesabu jambo kichwani, halafu akaanza kucheka. Nami nikacheka. Tulicheka mpaka Mtunisia akatuuliza kwa Kiingereza kama bado tunashindana.

Duru ya pili ilikuwa sherehe. Katika visahani vyangu vinne vilivyobaki nilipasua viwili. Sijui kueleza utamu wa kile cha kwanza. Kilikuwa kitu kizima chenye rangi ya machungwa, halafu kikawa moshi, na nilikuwa nimekitazama muda wote, macho mawili, bila cheche kunigusa. Niliruka. Dereva wa makamo ndani ya buti za sherehe aliruka juu mbele ya mwajiri wake. Jirani alipasua vitatu, na kwa kila kimoja alizunguka mzima na ikabidi mwalimu amshike mkono ili mtutu uendelee kutazama uwanja.

Akawa na vitatu, nami viwili, na imebaki jozi. Jirani akaanza. Visahani vikatoka pande zote mbili kwa pamoja, akapasua kimoja kwa risasi ya kwanza, akakosa kingine kwa ya pili. Vinne. Ili nimfikie ilinipasa nivunje vyote viwili, na nilikuwa nimevunja viwili tu vya kuhesabika tangu tufike.

Nikasimama, nikapiga kelele yangu. Visahani vikatoka. Hapo nilifanya kitu ambacho sikukipanga. Nilingoja.

Kwetu, kanga wakishuka kunywa, hupigi wa kwanza. Gobori lina risasi moja, na kulishindilia upya ni kazi ya dakika nzima, wakati huo kanga wote wameshavuka mto. Kwa hiyo unalala kifudifudi, unawatazama wakizungukana, unangoja mpaka shingo mbili zikae mstari mmoja. Mjomba angeweza kungoja hivyo mpaka siafu wampande. Nilikuwa nimelala pembeni yake mara nyingi kiasi kwamba mwili ulijua wenyewe. Kushoto kulikuwa na kisahani kinakuja, na kulia kingine kinakuja, na nyuma yangu jirani akapaza sauti:

"Piga, Bongo! Mpaka wazeeke?"

Vikakutana katikati. Nikafyatua. Palipokuwa na visahani viwili pakawa na wingu moja.

Mtunisia alisema kwamba kwa sheria za mchezo huo, ukivunja viwili kwa risasi moja, havihesabiki, jozi inarudiwa. Baba aliinuka kwenye kiti. Aliniuliza kwa nini nimengoja. Nikamweleza habari za kanga na shingo zao, nikionyesha kwa vidole viwili, kwa Kiarabu changu kisicho na mikia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia mwalimu kwamba aliyeandika sheria hiyo hajawahi kupika chakula chake mwenyewe. Vinne kwa vinne, akasema. Akaichukua bunduki, akaifungua, na kutoka mtutu wa pili akachomoa risasi yangu ambayo haikutumika. Akaiinua tuione.

"Huyu amerudi na moja," akasema. "Huyu ndiye aende."

Kwenye gari jirani hakusema neno mpaka tulipokaribia Umm Salal. Nilijua kimya chake. Yeye naye alikuwa na miaka yake ya vigae, mingi kuliko yangu kwa mmoja, na alikuwa amenipa shabaha yangu kwa mdomo wake mwenyewe. Mwishowe akasema kwamba ameshindwa na uvivu wa Kitanzania, na kwamba atawaandikia nyumbani waache upinde wajifunze kulala. Halafu akaniuliza kama nina soksi nzito, kwa sababu hizo za kwangu zitaniua.

Siku ya safari alinisaidia kujaza tangi. Niliondoka alfajiri nyuma ya magari ya Baba, madirisha wazi, baridi ikinichoma pua, nikiimba. Kabla ya kutoka nilifanya kama nilivyofundishwa kwetu: safari mbaya ikikungoja, tairi unalijaza upepo mpaka liwe gumu kama jiwe, ili miiba na mawe visiliumize. Nilijaza yote manne. Nikapiga teke moja moja, yakalia vizuri.

Lami ilipokwisha, magari ya mbele yalisimama kidogo, watu wakashuka wakachuchumaa kwenye matairi. Nilidhani wanajisaidia, nikageuza uso kwa heshima. Kumbe walikuwa wanatoa upepo, ili matairi yalale na kutandaa juu ya mchanga. Wakaendelea, nami nikawafuata, na baada ya umbali wa kama kutoka nyumbani hadi msikitini pikapu yangu ikaanza kuzama. Nilikanyaga mafuta. Ikachimba. Nilikanyaga zaidi, kwa maana kwetu kwenye tope ndivyo tunavyofanya, na ikakaa chini kabisa kwa tumbo lake, kama kuku anayeatamia.

Baba alirudi na gari lake. Alizunguka pikapu mara moja, akabonyeza tairi langu kwa kidole, lisibonyee. Msudani akatazama tangi, akatazama mchanga, akasema kwamba tukimwaga maji tutaitoa lakini kambi itakosa maji, na tusipoyamwaga tunahitaji watu, majembe na mbao. Watu wa kambi walikuwa wameshatangulia mbali. Baba akanitazama kwa muda, mimi, chaguo lake, mwenye risasi iliyobaki. Akatoa simu. Alimpigia mkewe.

Nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Baba alisema anamtaka yule mwingine. Akanyamaza. Akasema ndiyo, huyo huyo. Akanyamaza zaidi, na hata mimi nikasikia sauti ikitoka kwenye simu. Mwishowe akasema kwamba kijana wao mkubwa ana gari zuri na fulana yenye mifuko mingi, hatashindwa kupeleka wadogo zake shule kwa majuma matatu.

Jirani alifika kabla jua halijawa kali. Nilimwona tangu lami, akishuka, akichuchumaa kwenye kila tairi kwa mpangilio, bila haraka, akijua namtazama. Alikuja mpaka tulipo, akasimamisha gari juu ya mchanga laini kama mtu anayeegesha Pearl. Ndani alikuwa na majembe mawili, mbao, begi lake la nguo, na blanketi. Hakuna aliyemwambia alete blanketi.

"Habari ya mashindano, bingwa?" akaniuliza.

Tulichimba tukiwa tumevua viatu. Mchanga wa chini ulikuwa baridi na unyevu kidogo, na ulikuwa ukipanda mpaka kwenye vifundo. Nilikuwa nacheka peke yangu, sijui kwa aibu au kwa raha, na jirani akanitupia jembe zima la mchanga kifuani bila kusema sababu. Nikamrudishia. Baba alisimama kwenye kivuli cha gari akatuacha tumalize, nadhani alielewa kwamba kuna kazi mbili zinafanyika pale. Pikapu ilipotoka, hakuna aliyezungumzia nani arudi Doha. Msudani alishika usukani wa gari alilokuja nalo jirani, naye jirani akaweka begi lake nyuma ya tangi la pikapu, nikalifunga kwa kamba.

Asubuhi ya kwanza kambini kulikuwa na ukungu. Umande ulikuwa umeshika juu ya mchanga na kufanya ganda jembamba, na sisi wawili tulitoka kabla ya chai kwenda kuangalia tu, kama watu wanaokwenda kuangalia shamba. Hatukufika mbali. Palikuwa na nyayo. Vidole vitatu mbele, nyuma hakuna kidole. Kwetu ndege mwenye mguu wa namna hiyo ni tandawala, yule mrefu anayetembea kama mwenyekiti wa mkutano. Hapa ndugu yake anaitwa hubara, na ndiye Baba aliyemjia. Ganda la umande lilikuwa limevunjika ndani ya kila wayo, kwa hiyo alipita baada ya umande kushuka, labda tukiwa bado tunavaa. Tulishikana mikono kama wasichana.

Tukamwita Baba. Msudani akaja na kozi mmoja mkononi, akamvua kikofia, na hubara akainuka kwenye vichaka mita mia mbele yetu, kahawia na mweupe. Kozi akaondoka. Sijawahi kuona kitu kikienda vile. Bunduki zote nilizoshika maishani niliziona ni mizigo. Alimfikia, akaja kwa juu, akakunjua kucha, na hubara, akiruka vilevile bila wasiwasi, akainua mkia akammwagia kinyesi.

Kilikuwa kingi, na kilikuwa kinanata kama ulimbo. Kozi akashikana mabawa, akapepesuka, akatua chini. Alikaa pale kwenye mchanga, mbawa zimegandana, akitutazama mmoja mmoja kama vile sisi ndio tuliomfanyia. Hubara akaenda zake, akashuka mahali fulani ng'ambo ya ukungu.

Mwanzoni hakuna aliyecheka, kwa heshima ya ndege. Msudani alimchukua akimbembeleza. Nilileta beseni, jirani akafungua bomba la tangi, na Baba mwenyewe akakunja mikono ya kanzu akaanza kumsafisha bawa moja baada ya jingine kwa kitambaa, polepole, huku ndege akigeuza kichwa pembeni.

"Bongo," jirani akaninong'oneza, beseni likitetemeka mikononi mwetu, "swala wa Kitui hajawahi kunifanyia hivi hata siku moja."

Hapo tukashindwa. Baba alituangalia, masharubu yake yakaanza kucheza, na yeye pia akashindwa, mpaka Msudani akampokonya ndege kwa kuhofia ataangushwa. Alipopata pumzi, Baba alijifuta macho kwa mkono uliochafuka, akatazama ukungu, akatuuliza sisi wawindaji, kwa kuwa tulisema ni wawindaji, ndege ameshukia wapi.

Tukaonyesha kwa pamoja, kila mmoja upande wake.